Kibua: shajara ya Starlet ya ami

Disemba, wiki ya mwisho

Gari imefika leo kutoka Makunduchi. Starlet EP91 ya mwaka 1997, milango mitatu, giaboksi ya mkono, rangi zamani ilikuwa nyeupe. Ami kaiendesha miaka kumi na moja, na sasa macho hayamruhusu tena kutoka usiku. Akaniita: "Chukua, mwanangu. Lakini ukishaikatakata usiniletee habari zake." Kwa hiyo, ami, kama kuna mtu anakusomea haya, mwambie aishie hapa.

Nimeipa jina Kibua. Kibua ni samaki wa maskini, hana heshima ya nguru wala jodari, lakini hebu jaribu kumfukuza majini.

Nia ni kuigeuza gari ya drag: unasimama kwenye mstari, taa ikiwaka kijani unakwenda moja kwa moja mpaka mwisho, basi. Masafa ya asili ni robo maili, mita 402, na nusu yake, mita 201, nayo hukimbiwa. Sisi tutakimbia hizo 201 kwa sababu lami tuliyopata haitoshi zaidi. Ni eneo la viwanja upande wa Fumba, barabara ya ndani imeshatiwa lami, nyumba bado, geti lina mlinzi, na mwenyewe katukubalia kwa sharti la kuja na kizimamoto na kufunga geti. Tumepima kwa futi kamba tukapata mita 420 zilizonyooka. Kuna vijana wananiuliza mbona tunajisumbua, barabara kuu usiku iko wazi. Barabara kuu usiku ina ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na watu wanaotoka msibani. Swali hilo silijibu tena.

Na zile mita 219 zinazobaki ni za kusimamia, sizigusi. Mwaka 2008 kule Englishtown, New Jersey, dereva Scott Kalitta alifariki gari yake iliposhindwa kusimama ikapita mwisho wa uwanja. Baada ya hapo NHRA, chama chao kikubwa cha drag cha tangu 1951, kikapunguza masafa ya magari yake yenye kasi kabisa kutoka mita 402 hadi futi 1,000, kama mita 305. Ikiwa wenye parachuti za kusimamishia gari wamekosa pahala pa kusimama, mie mwenye breki za Starlet nitabishana na nani?

Lengo: mita 201 chini ya sekunde 10.

Na ndiyo, najua. "Yakhe, drag kwa gari inayovutwa na miguu ya mbele?" Nimeshaulizwa barazani mara ishirini. Mwenye Mark II, ile inayosukumwa kwa nyuma, ya kunipa bure ajitokeze, tutaanza upya.

Januari 8

Kipimo cha kwanza, gari ikiwa kama alivyoiacha ami, mpaka ule mkeka mdogo wa ukili kwenye dirisha la nyuma. Kijana wetu anayesoma Chuo cha Karume, Mbweni, katengeneza saa: miale mitatu isiyoonekana kwa macho, waya mrefu, na kibao kidogo cha kompyuta ndani ya kopo la maziwa ya unga. Tairi la mbele likikata mwale wa kwanza saa inaanza. Wa pili uko mita 18.29, wa tatu mita 201. Hiyo 18.29 imekaa kiajabu kwa sababu asili yake ni futi 60, na walioanzisha mchezo huu wanapima kwa futi.

Mita 18: sekunde 2.64. Mita 201: sekunde 11.38.

Namba ya kwanza ndiyo nitakayoizungumza mpaka mchoke. Sehemu ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale mwanzoni, mwisho wa mbio utaikuta imezaa, kwa sababu kasi uliyoipata mapema unatembea nayo njia nzima.

Januari 15

Tumetoa zulia. Ningeliacha pahala pake ningelala vizuri.

Fundi alichukua bisibisi akaigusa sakafu chini ya miguu ya dereva, bisibisi ikatokea upande wa pili. Hakusukuma. "Marahaba," akasema, kana kwamba gari imemwamkia.

Miaka kumi na moja imeegeshwa hatua chache kutoka baharini. Mchanga wa pwani umeingia ndani ya mifuko ya bodi, na mchanga wenye chumvi haukauki: kila usiku unavuta unyevu, kila mchana unachemka. Nje rangi nzima, ndani bati limekuwa kama kaki. Sakafu mbili, vizingiti vyote, na baya kuliko yote, vile vikombe vya juu ndani ya boneti vinavyoshika shokapu za mbele. Gari hii inavutwa kwa mbele, nguvu yote itapita hapo. Ukiongeza nguvu za farasi juu ya vikombe vilivyooza, unajitengenezea gari ya kujikunja.

Februari 3

Bado tunachomelea. Bati la milimita 1.5, grenda, rangi ya zinki, kisha nta ya moto tumeimimina ndani ya vizingiti. Laki nne na nusu zimekwenda na hakuna hata mtu mmoja atakayeziona. Mtu akitaka kujenga gari kisiwani, aanze na bisibisi kabla hajaulizia bei ya turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa.

Februari 11

Injini imeshuka bandarini Malindi.

Kwa wanaouliza kwa nini sikufunga tu turbo kwenye injini ya ami: injini yake ni 4E-FE, cc 1331, mgandamizo wa 9.6 kwa 1, yaani silinda inaibana hewa mara 9.6. Ukiisukumia hewa ya turbo kwa petroli ya pampu na joto letu, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni zinatoboka. Niliyonunua ni 4E-FTE, iliyokuwa ikitoka kwenye Glanza V, dada yake huyu huyu EP91. Silinda zina upana ule ule wa milimita 74 na pistoni inatembea milimita zile zile 77.4, ila imejengwa tangu kiwandani kwa ajili ya turbo na mgandamizo wake uko chini. Karatasi zinasema farasi 135, dhidi ya 85 za injini ya ami.

Nimeipata Gerezani, Dar, pamoja na giaboksi yake. Kwa simu muuzaji aliapa kila kitu kimo ndani. Tumefungua gunia: kontroli boksi, kompyuta ya injini, haimo, na waya zimekatwa kwa shoka, sitanii, alama ya shoka iko juu ya kifuniko cha vali. Nimepiga simu. "Kaka, hiyo boksi mbona ipo, angalia vizuri." Nimeangalia vizuri. Nimeangalia mpaka ndani ya bomba la ekzosti.

Februari 20

Boksi imepatikana, kwa mtu mwingine, kwa laki mbili na themanini. Leo pia nimehamisha betri kuipeleka kwenye buti, kama nilivyoona kwenye video za Wamarekani. Inapendeza. Kumbukeni betri hii.

Ramadhani, mfungo wa 6

Mchana hakuna kazi, koo kavu na chuma cha moto havipatani. Tunaanza baada ya tarawehe, tunaacha wakati wa daku. Waya arobaini na kitu, kila mmoja tunautafutia mwenzake kwa taa ya mkononi na mchoro uliochapwa kwa Kijapani. Mama anatuletea uji wa mtama na sambusa zilizobaki futari. Fundi anakula kwa mkono mmoja, wa pili kashika mita ya umeme.

Mfungo wa 11

Haiwaki. Cheche ipo, petroli ipo, mota inazungusha.

Mfungo wa 14

Haiwaki.

Mfungo wa 19

Imewaka! Kosa lilikuwa waya mmoja wa asi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi. Kumbe tulipopaka rangi ya zinki, tukapaka hadi pale waya wa asi unapofungwa kwenye bodi, na rangi haipitishi umeme wa kutosha. Siku nane kwa sababu ya rangi. Tumekwangua ukubwa wa sarafu, tukafunga boliti, ufunguo mara moja tu.

Tatizo ni saa: tisa na nusu usiku, na bomba la ekzosti bado halijafungwa. Asubuhi jirani kaniuliza kwa upole kama ngoma ya daku mwaka huu imebadilishwa.

Aprili, siku kavu kati ya mvua

Masika imetupa Jumapili moja, tukaikamata. Mbio ya kwanza kwa turbo, shindikizo la hewa yake baa 0.6 tu, matairi yale yale ya 165/70 inchi 13.

Mita 18: sekunde 2.83. Mita 201: sekunde 10.96.

Tazameni namba ya kwanza. Nimeongeza farasi hamsini, nimetumia zaidi ya milioni tatu, na kwenye mita 18 gari ya ami ingeniacha. Nilipoachia klachi tairi la kulia likazunguka bure, moshi ukaingia dirishani, usukani ukavuta upande kama punda aliyeona majani, na Kibua ikabaki hapo inasaga. Ilipokuja kushika, ndipo ikakimbia. Mlinzi wa geti alifurahi sana, alidhani moshi ndio mchezo wenyewe.

Ule mvuto wa usukani nao una sababu. Injini imelala kwa upana na giaboksi iko upande, kwa hiyo shafti ya kulia, chuma kinachopeleka nguvu tairini, ni ndefu kuliko ya kushoto. Hazijipindi sawa, hazikai kwa pembe sawa, na nguvu ikija kwa ghafla kila upande unavuta kivyake.

Aprili, mvua

Mvua siku ya sita, maji yamejaa uwani. Nimekaa na kalamu.

Gari ikiondoka kwa nguvu, uzito unarudi nyuma. Kila mtu anajua hili, abiria wa daladala anajua. Kwa gari inayosukumwa kwa nyuma hiyo ni neema, kadiri inavyoondoka ndivyo matairi yanayofanya kazi yanavyokandamizwa. Kwangu ni kinyume: kadiri ninavyofanikiwa kuondoka ndivyo matairi yangu yanavyopunguziwa mzigo, yanapungua mshiko, yanasaga. Gari inajinyima yenyewe.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Chukua uzito wa gari, zidisha kwa mchapuko (kasi inavyoongezeka, ukiilinganisha na mvutano wa dunia), zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, gawa kwa umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Umbali huo kwa EP91 ni mita 2.30. Kimo nimekadiria nusu mita. Uzito ndio nilikuwa sina, na tovuti ya kiwanda haijui kwamba tumemwaga kilo kadhaa za bati na nta.

Mei 2

Tumepima. Hakuna mizani ya magari tunayoimudu, lakini rafiki yangu ana ghala Saateni lenye mizani ya magunia inayokwenda hadi kilo 500. Tunaweka tairi moja juu ya mizani, mengine matatu juu ya mbao za kimo kile kile ili gari isilale upande, tunasoma, tunahamia la pili. Saa tatu kwa gari moja. Wapakizi wa ghala wameweka dau, aliyesema tani moja kalipa soda.

Jumla kilo 895. Mbele 549, nyuma 346.

Kisha nikakumbuka betri. Kilo 13 nilizitoa mbele kabisa ya gari inayovutwa kwa mbele nikazipeleka nyuma kabisa. Na kwa sababu zinakaa nje ya matairi pande zote mbili, zinafanya kama bembea, athari yake inazidi kilo 13 zenyewe. Tumeirudisha betri mbele papo hapo, ghalani, tukapima tena: mbele 566, nyuma 329. Kilo 17 za mshiko nilikuwa nimezitupa kwa sababu video ilipendeza. Yule Mmarekani hakukosea, gari yake ilikuwa ya kusukumwa kwa nyuma. Mwenye kosa ni mie niliyenakili bila kuuliza.

Fundi hakusema kitu. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele.

Mei, wiki ya pili

Kuvua. Kiti cha nyuma kilo 22, tairi la spea na jeki 15, kiti cha abiria 14, zulia na lami ya kuzuia kelele 18, ngozi za milango 8, kipande cha chuma ndani ya bampa ya nyuma 3. Mwisho kipoza hewa, kilo 17, na hapo nilisita. Hizo 17 ziko mbele, zingenisaidia kukandamiza tairi. Nimezitoa hata hivyo, kwa sababu mkanda wake unakula nguvu na kikapu chake kimekaa mbele ya rejeta kinazuia upepo. Kuendesha bila kipoza hewa Mei mpaka Septemba kunavumilika. Disemba nitalia.

Sasa jumla 798: mbele 529, nyuma 269. Nikikaa mimi na kilo zangu 71 zinakuwa 869, mbele 565. Gari ikiondoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, hesabu inasema kilo 94 zinahama mbele kwenda nyuma. Zinabaki 471 za kukandamiza matairi mawili, na ndani ya hizo 471 ndimo farasi 135 wanamotakiwa kukanyaga.

Kwa hiyo mambo mawili: nyuma isikae chini, na matairi yang'ate zaidi. Kwa nyuma tulianza kishamba, tukapachika vipande vya mpira mgumu katikati ya springi ili zisibonyee. Inasaidia. Ukweli ni kwamba springi ngumu haizuii uzito kuhama, uzito unahama kwa vyovyote. Inachozuia ni pua ya gari kunyanyuka, maana pua ikinyanyuka matairi ya mbele yanabadili pembe yanakanyaga kwa ukingo mmoja. Kule Marekani magari ya mbele hufungwa hadi vyuma virefu vyenye vigurudumu nyuma, kwa kazi hiyo hiyo ya kukataza mkia usikae. Nimemwonyesha Fundi picha. "Hiyo ni hamali," kasema, na hamali kwake ni mkokoteni.

Upepo wa matairi ya nyuma nimeujaza pauni 40 ili yabingirike kirahisi. Wa mbele nimeushusha hadi 20.

Mita 18: sekunde 2.58. Afadhali ya kwanza, mwishowe tumempita ami.

Juni 7

Matairi! Dada yangu yuko Maskati, kapata slik mbili zilizotumika, inchi 13, kimo inchi 20, upana inchi 8. Zimekuja na msafiri. Ndani ya tairi moja katia halua kilo mbili. Watu wa forodha walitumia muda mwingi kwenye halua kuliko kwenye tairi.

Kwa wasiozijua: slik ni tairi lisilo na kashata kabisa. Ukiliona utadhani kipara cha daladala, lakini kipara ni mpira uliokwisha na slik ni mpira laini uliotengenezwa hivyo, ukuta wake unajikunja kama ngozi ya ngoma. Unaujaza pauni 14 tu, ukianza kuondoka unajikusanya na kung'ata lami. Kwenye maji hauna faida hata moja. Haya nayo mkumbuke.

Faida ya pembeni ambayo sikuifikiria: tairi la zamani lina kimo cha milimita 561, hili 508. Kila mzunguko lilikuwa linakwenda mita 1.76, sasa 1.60. Ni kama kufupisha gia zote kwa karibu asilimia 10 bila kugusa giaboksi, na pua imeshuka milimita 26. Hasara ni kwamba gia ya pili inakwisha mapema, nabadili ya tatu kabla sijategemea.

Kuzipasha moto ni rahisi kwa gari ya mbele. Vuta handbreki, gia ya pili, kanyaga. Zile gari za nyuma zinahitaji vali maalumu ya kufungia breki za mbele, sie handbreki ya ami inatosha.

Juni 14

Kusi linavuma na limetandaza mchanga juu ya lami yote. Tumefagia mita 60 za mwanzo kwa fagio za njukuti, watu sita, dakika arobaini. Hatukufika mita 70, mchanga mpya ukaja. Mbio mbili tu.

2.31 kwa mita 18. 10.41 kwa mita 201. Nimeshuka kwenye gari miguu inatetemeka. Nimekuwa nikiona nusu sekunde kama kitu cha kupuuza, kumbe ndani yake mnaweza kuingia miezi sita.

Juni 28

Siku ya barafu. Niiandike haraka nipumzike.

Intakula ya injini hii, kikapu cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, inakaa juu ya injini yenyewe. Kiwandani waliipa tundu kwenye boneti, lakini ukiwa umesimama kwenye mstari hakuna upepo unaoingia tunduni, kuna joto linalopanda kutoka chini tu. Tumepima hewa inayoingia kwenye silinda: mbio ya kwanza nyuzi 46, ya tatu nyuzi 61. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya moto inaleta kugonga. Fundi huweka kipande cha bomba la shaba sikioni na ncha ya pili kwenye bloku, anasikiliza kama daktari. Kwenye mbio ya tatu kanyoosha mkono: zima.

Nikapata wazo. Alfajiri nikaenda Malindi sokoni, nikanunua bonge la barafu ya samaki, nikaliponda, nikalitia ndani ya mfuko wa sandarusi, nikalilaza juu ya intakula. Nyuzi zikashuka hadi 29. Nilijiona msomi.

Mfuko ulitoboka. Wakati tunasubiri saa iwekwe sawa, maji ya barafu yakateremka pembeni mwa giaboksi, yakadondoka mbele ya tairi la kushoto, pale pale kwenye mstari. Slik juu ya maji. Kijani kikawaka, tairi la kulia likang'ata, la kushoto likateleza, na kwa sababu difu, meno yanayogawa nguvu kwa matairi mawili, ni ya kawaida ikapeleka nguvu zote kwa anayeteleza. Mita 18: sekunde 3.90. Mpanda punda angenipita. Na maji yenyewe yananuka dagaa, hadi leo Kibua inanuka dagaa, jina limepata haki yake.

Julai 5

Intakula imehamishiwa mbele ya rejeta, kwa mabomba ya alumini na mpira. Turbo inachelewa kidogo kwa sababu bomba limekuwa refu, lakini mbio ya tatu hewa ni nyuzi 44. Barafu tunanywea juisi.

Julai 12

Mjadala wa difu. Difu ya kawaida inampa nguvu tairi dhaifu, ndiyo kasoro iliyoonekana siku ya barafu. Ipo difu ya mashine inayoyabana matairi yote mawili, bei yake ni zaidi ya bei ya gari. Fundi anasema tuchomelee meno ya difu ya ndani, matairi yazunguke pamoja daima. Kwa gari ya mbele kuna ubaya, ukikata kona usukani unapigana nawe, na shafti zinabeba mzigo usio wake. Nimebisha siku tatu. Kisha nikafikiri: gari hii haina kona, inakwenda mita 201 na inarudi nyumbani juu ya kanta.

Nimekubali, na nikiandika hivi sijaridhika bado.

Julai 26

Mlinzi wa geti kafagia mwenyewe kabla hatujafika. Upepo mdogo.

Mbio ya kwanza: 2.22, 10.19.

Ya pili: 2.17, 10.08. Kijana wa saa alisoma mara mbili kabla ya kututangazia. Gari iliondoka moja kwa moja, usukani kimya, matairi yote mawili yameacha mistari miwili myeusi iliyo sawa. Hiyo mistari nimeipiga picha kuliko nilivyopiga picha gari.

Ya tatu tulipandisha shindikizo hadi 0.7 tukitafuta zile nane za mia. Nimeachia klachi, kishindo kama nazi imeangukia bati, injini ikapiga kelele na gari ikasimama pale pale. Jointi ya nje ya shafti ya kulia, ile ndefu, imepasuka vipande, gololi nne tumeziokota kwenye mchanga, ya tano kaileta mlinzi, ya sita hatujaiona. Fundi kaniangalia, nikamwangalia. Mie ndiye niliyekubali difu ichomelewe, na mie ndiye niliyesema 0.7.

Tumeisukuma hadi kwenye kanta. Hapo ndipo nikaona pia chini ya mlango wa dereva, kwenye kizingiti tulichochomelea Januari, doa dogo la rangi ya chai.

Julai 29

Shafti mbili, za kulia na kushoto, zimepatikana Dar kwa muuzaji mwingine. Nimemwomba apige picha gunia likiwa wazi kabla hajalifunga, kapiga. Linapanda boti ya kesho mchana. Nimeshamwambia Fundi alete grenda pamoja na spana, kwa ajili ya lile doa.